Aina ya Sita

"Hii ni michoro yako?"

Mwenyekiti wa kamati aliisukuma karatasi kwa ncha ya kidole, akaizungusha juu ya meza ili nami niione wima. Walikuwa watatu upande wa pili, wazee wa taasisi, miwani imeshuka puani. Pembeni yao, kwenye kiti cha mwisho karibu na dirisha, alikaa kaka yangu. Tumbo lililomzaa ndilo lililonizaa, na shati alilovaa siku ile nililipiga pasi mimi, wiki tatu kabla hatujaacha kusemeshana.

Nikaitazama karatasi. Seli sita za neva, kila moja kwa wino mweusi, matawi yametanda, nyuzi zimekonda hadi kuisha. Mtu anaweza kuusahau uso wake akikaa sana bila kioo, lakini mkono wake hausahau.

"Ni yangu."

"Yote sita?"

"Yote sita."

Mwenyekiti akaandika. Kaka akakohoa, akageukia dirisha.

Ni yeye aliyeniingiza kwenye kazi ile. Baba alifariki nikiwa na miaka minne, naye kumi na moja, na tangu hapo kila nilichojifunza kilipita kwake kwanza. Alinifundisha kuandika kwa kuufunika mkono wangu kwa mkono wake, tukiburuta kalamu pamoja kama watu wawili kwenye baiskeli moja. Alipopata udaktari wa sayansi na kupewa maabara ndogo ya kuchunguza ubongo, mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi wa maabara na sina pa kwenda. Alinipigia simu: "Mdogo wangu, njoo. Nina hadubini mbili na macho mawili tu." Nilicheka, nikafunga virago.

Kazi yetu ilikuwa juu ya sehemu moja ndogo ya ubongo iitwayo hipokampasi. Zipo mbili, moja kila upande, zimejikunja ndani kabisa kama mtu aliyelala kwa baridi. Mtu akiharibikiwa zote mbili hawezi tena kuweka kumbukumbu mpya. Utamwambia jina lako, ataitikia kwa furaha. Ukitoka na kurudi atakuuliza wewe ni nani. Sisi tulichunguza za panya. Niliuloweka ubongo kwenye dawa kwa majuma, nikauhamishia kwenye maji ya chumvi ya fedha, nikaukata kwa mashine vipande vyembamba kama karatasi, nikavibandika kwenye vioo kwa mpangilio wake, namba moja, namba mbili, hadi mwisho. Kisha nikakaa kwenye hadubini na kuchora nilichokiona.

Ile rangi ya fedha ina tabia ambayo hadi leo hakuna aliyenieleza sababu yake nikaridhika. Katika kundi la seli mia, huchagua moja au mbili, ikazipaka nyeusi tii hadi ncha ya uzi wa mwisho. Zilizobaki huzipita kama hazipo. Ndiyo maana mchoraji lazima awe na subira. Unangoja wiki nzima ili seli moja ikubali kuonekana.

Nyingi zilizokubali zilikuwa zile ambazo kila mtu alizijua: seli za piramidi, zimepangana safu moja, mwili wa pembe tatu, shina linapanda juu, mizizi inashuka chini. Kaka alizipenda hizo. Ndizo zilizompa shahada yake. Lakini kila baada ya seli tisa au kumi za piramidi, hutokea moja isiyofanana nazo, imekaa mahali pasipo pake, matawi yake yanakwenda yanakotaka. Kaka aliziita "wapita njia".

"Ziache hizo," alikuwa akisema. "Hazina hesabu."

Sikuziacha. Nilichora wapita njia kwa miaka mitatu, katika nafasi nilizoiba kati ya kazi na kazi, kwenye daftari langu lenye jalada la kijani. Mwanzoni niliona fujo. Nilipofika kama seli mia mbili hivi, fujo ikaanza kujigawa yenyewe. Kulikuwa na zile ambazo nyuzi zake zinazunguka miili ya jirani zake, zinasuka na kurudia, hata kila jirani anaonekana amekaa ndani ya kikapu. Kulikuwa na zile zinazotuma vishada vilivyosimama wima, kila kishada kimegusa mahali pamoja tu, pale ambapo seli ya piramidi huanzia kupaza sauti yake. Kulikuwa na zinazokaa chini kabisa na kutupa uzi mmoja mrefu hadi ukingo wa juu, ukipita safu nzima bila kumsalimu mtu. Nyingine zilitanda juu na chini ya safu lakini katikati hazikanyagi. Na kulikuwa na aina ya tano, ndogo, yenye aibu, ambayo haikugusa piramidi hata moja. Yenyewe ilizitafuta zile nyingine nne tu.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi kabla sijalielewa. Piramidi ndizo zinazosema. Hawa wapita njia ndio wanaoamua nani anyamaze, wapi, na kwa muda gani. Bila wao safu nzima ingepiga kelele kwa pamoja, na pasipo na ukimya hakuna kumbukumbu inayoshika.

Siku nilipomwonyesha kaka, alikaa na daftari karibu saa nzima. Alifunua kurasa, akarudi nyuma, akachukua vioo na kulinganisha. Mwishowe akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba nyumbani kwake kuna chumba asichowahi kukifungua.

"Unajua umekalia nini hapa?"

"Wapita njia," nikasema, na tukacheka wote wawili hadi mlinzi akachungulia.

Kisha akafika kwenye ukurasa wa aina ya sita.

"Na hii?"

"Hiyo siiamini." Ilikuwa seli yenye mizizi mingi chini lakini juu haina tawi hata moja, imekoma ghafla kama kisiki. "Naona kama imekatwa na kisu cha mashine. Nimeiwekea alama ya kuuliza."

"Umeziona ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja si ajali, mdogo wangu."

"Kisu ni kile kile, kaka."

Alitabasamu. Akaniomba daftari akalisome nyumbani, nami nikampa kwa mikono miwili. Alilirudisha baada ya siku nne, halina hata doa, na alama zangu za kuuliza zimo zote, kumi na moja, kwa kalamu ya risasi. Nililipeleka nyumbani kwa mama, nikaliweka kwenye kabati la chumba changu cha zamani pamoja na vyeti vyangu, kwa sababu pale ndipo mahali pekee duniani nilipoamini kwamba kitu hakiwezi kupotea.

Miezi saba baadaye niliikuta makala juu ya meza ya maabara, imechapishwa kwenye jarida kubwa, bado ina harufu ya karatasi mpya. Michoro yangu ilijaza kurasa mbili zinazotazamana. Nilisoma majina ya waandishi. Nikarudi mwanzo nikasoma tena, nikijiambia huenda nimeruka mstari. Lilikuwa jina la kaka, na la mkuu wa idara, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kuingia mle ndani isipokuwa kuuliza ufunguo wa stoo.

Kichwa cha makala kilitangaza aina sita. Kisiki changu kilikuwa kimepewa ukurasa wake mwenyewe na jina refu la kisomi. Alama za kuuliza hazikuwepo.

"Ni taratibu," kaka alisema nilipomwendea. Hakusimama. "Fundi hawekwi kwenye orodha ya waandishi. Nimekushukuru mwishoni, hukuona?"

Niliangalia mwishoni. Alikuwa amewashukuru "wafanyakazi wa maabara". Mfanyakazi wa maabara nilikuwa mmoja.

"Na alama zangu?"

"Zilikuwa zinachafua ukurasa."

Nilimpelekea mama malalamiko yangu kama nilivyokuwa nikimpelekea magoti yaliyochubuka. Alinisikiliza huku anakunja shuka, akanipa ncha mbili nimsaidie. "Jina lake si ndilo jina lako?" akasema. "Baba yenu si mmoja? Watu wakilisoma, wanatusoma sote." Akacheka kidogo, kunichekesha. Nikanyoosha shuka upande wangu. Nilijiambia kwamba ana haki ya kufurahi, mama aliyelea wawili peke yake. Jambo likapita, au tuseme nililimeza, na likakaa mahali linapokaa.

Lakini uongo una miguu mifupi. Katika miaka miwili iliyofuata maabara nyingine zilianza kuandika. Aina ya kwanza wameiona. Ya pili, ya tatu, wameziona. Zote tano wamezikuta mahali nilipozichora. Ya sita hakuna aliyeipata. Barua zikawa nyingi, maneno yake yakazidi kukosa adabu, na taasisi ikaunda kamati.

Kaka hakuja kwangu. Alimtuma mama.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mama alikaa ukingoni mwa kiti bila kuvua mtandio, na chai niliyomwekea ikapoa mbele yake.

"Watakuita Jumanne," akasema. "Waambie ulikosea. Basi. Mtu kukosea si dhambi."

"Mama, sikukosea."

"Najua."

Neno hilo lilinikata maini. Ningeweza kugombana na mtu asiyejua.

"Kaka yako ana jina," akaendelea, taratibu, kama mtu aliyekariri njiani. "Wewe una mkono. Jina likivunjika halina gundi. Mkono hata ukihamishwa unafanya kazi popote. Yeye ana watoto wanne, wanasoma, wanajivunia baba yao. Wewe ndiye mwenye moyo wa kubeba, mwanangu. Tangu mdogo."

"Kwa hiyo anayeweza kubeba ndiye anayetwishwa?"

Alifunga mtandio vizuri, akanibusu kipajini, akaondoka.

Jumatatu nilitoka kazini mapema, nikaenda kwa mama kuchukua daftari. Alikuwa uani anaanua nguo. Nilimwamkia, nikapita moja kwa moja hadi chumbani, nikafungua kabati. Vyeti vyangu vilikuwepo. Vilikuwa vimepangwa upya, vizuri kuliko nilivyoviacha, kingo zimelingana, na mahali lilipokuwa daftari palikuwa na nafasi yenye upana wa daftari.

Nilirudi uani. Sikupaza sauti.

"Mama, liko wapi?"

Alikuwa na vibanio viwili mdomoni. Alivitoa kimoja kimoja. "Alikuja jana. Nikampa."

"Ulijua ni kitu gani?"

"Nilijua ni kitu anachokiogopa."

Upepo uliinua shuka kati yetu ukaishusha. Nilimwona, sikumwona, nikamwona. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili, na nilihisi vile mtoto anavyohisi sokoni akishika mkono na kuinua uso, kumbe mkono si wa mama yake.

Ndiyo maana siku ya kamati nilikwenda mikono mitupu.

"Daktari ametueleza," mwenyekiti alisema, akisoma kwenye karatasi nyingine, "kwamba aliitegemea michoro ya fundi wake, na kwamba fundi hakumtahadharisha kuhusu aina ya sita."

Fundi wake. Nilimtazama kaka. Alikuwa anachokonoa ukucha.

"Naomba hadubini," nikasema. "Na sanduku la vioo la mwaka ule."

Walitazamana. Mmoja wao, mwenye nywele za mvi zilizonyolewa karibu na ngozi, akasema, "Mpeni." Tukatoka sote, tukapita ukumbini kama msafara wa harusi usio na bibi harusi, tukaingia maabara. Nilichukua kioo namba arobaini, nikatafuta, nikakipata kisiki: mizizi chini, juu hakuna kitu. Nikampisha mwenyekiti atazame. Kisha nikaweka kioo namba arobaini na moja, kipande kilichofuata kutoka ubongo ule ule, nikasogeza hadi mahali pale pale. Pale palikuwa na matawi yaliyoning'inia bila mwili, na uzi uliokwenda ukasuka kikapu kuzunguka jirani. Kisu kilipita kati. Mwili ulibaki upande huu, kichwa kikaenda upande ule.

Mwenyekiti alirudia vioo vile mara nne.

"Ni aina ya kwanza tu," akasema pole pole. "Imekatwa."

"Zote kumi na moja, mzee. Naweza kukuonyesha moja moja."

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu siku niliyoichora. Niliandika kwenye daftari langu, tarehe ipo, na alama ya kuuliza kwenye kila moja."

"Daftari liko wapi?"

Mashine ya baridi iliunguruma pembeni ikanyamaza. Nilimgeukia kaka, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yetu yakakutana.

"Kaka anajua liko wapi."

Nilimpa nafasi. Nataka mtu yeyote atakayesoma haya ajue kwamba nilimpa nafasi, mbele ya watu, na niliisubiri kama nilivyozoea kusubiri seli ijitokeze.

"Daktari?" mwenyekiti akauliza.

Kaka alinyoosha kola ya shati. "Sijui anazungumzia daftari gani."

Hakuona aibu, au kama aliiona haikufika usoni. Alilisema kwa upole, hata kwa huruma, kama mtu anayemwombea radhi ndugu yake mgonjwa.

"Kuna mtu mwingine aliyeliona?" mwenyekiti akaniuliza. "Mtu yeyote tunayeweza kumwita?"

Nilimwona mama akiingia kwenye chumba kile na mtandio wake. Nilimwona akisimamishwa mbele ya wazee watatu na kuulizwa, na mtoto wake mmoja amekaa kushoto, mwingine kulia. Angesema nini? Angedanganya, nami ningemsikia akidanganya. Au angesema kweli, na asingenisamehe kwa kumlazimisha.

"Hakuna," nikasema.

Huo ndio uongo pekee niliousema katika jambo lile lote, na ndio uliowekwa kwenye kumbukumbu kama ushahidi.

Masahihisho yalitoka baada ya miezi mitatu kwenye jarida lile lile, nusu ukurasa. Yalisema kwamba aina tano zimethibitika na heshima ya ugunduzi inabaki kwa waandishi. Yalisema kwamba aina ya sita ilitokana na kosa la mchoraji wa maabara, na hapo likafuata jina langu, kamili, bila herufi iliyokosewa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuchapishwa. Jina la baba yetu lilionekana mara mbili katika ukurasa mmoja, juu la mgunduzi, chini la mkosaji. Nilimkumbuka mama na shuka zake: watu walikuwa wanatusoma sote.

Niliacha kazi kabla ya kuachishwa. Nilihamia mji mwingine, nikapata nafasi kwenye maabara ya hospitali, kisha chuo cha mafundi kikaniita kufundisha. Mama alikuwa sahihi kuhusu mkono. Nasikia sasa wataalamu wenye vyombo vipya wanahesabu wapita njia aina zaidi ya ishirini katika kipande kile kidogo cha ubongo, na wanaendelea kuhesabu. Zile tano zimesimama. Mchoro wangu wa aina ya tatu, yenye uzi mrefu, umo kwenye kitabu ambacho wanafunzi wangu wenyewe wanakisomea, na chini yake limeandikwa jina la kaka. Sijawahi kuwaambia. Mmoja aliwahi kusema mchoraji huyo alikuwa na mkono mwepesi, nikamwambia afungue ukurasa unaofuata.

Mwaka jana mama alianguka bafuni akavunjika nyonga. Mimi na kaka tuligawana zamu hospitalini kwa kuandikiana ujumbe mfupi: asubuhi mimi, mchana yeye. Siku ya sita au ya saba, nilikuwa namsuka nywele, mistari minne ya kulalia, akaanza kuzungumza bila mimi kumuuliza.

"Nililifungua, lile daftari, kabla sijampa. Nilidhani ni miti. Mlikuwa mnagombania miti."

"Si miti, mama."

"Ni nini?"

Nilitambua kwamba miaka yote ile hakuwahi kuniuliza, wala mimi sikuwahi kumwambia. Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu safu ya piramidi, na wanaosuka vikapu, na wenye vishada, na wale wenye aibu wasiozungumza ila na wanyamazishaji wenzao. Alisikiliza kwa makini kabisa, macho yamefumba, kama anayesikiliza habari za ukoo.

"Na wote hao wamo humu kichwani mwangu?"

"Wote."

"Nilikuchagua wewe uumie," akasema, "kwa sababu nilijua hutanikimbia."

"Nilikimbia, mama. Nilihama."

"Si umerudi."

Nilimaliza mstari wa nne, nikaufunga kwa uzi, nikamnyooshea mto. Alitaka kunishika mkono, akaushika, tukakaa hivyo. Sikuuvuta. Wala sikuukaza.

Saa nane kasorobo nikachukua mkoba wangu. Kwenye ngazi nilikutana na kaka anapanda, ameshika chupa ya chai, amezeeka mabega. Akajibana ukutani nipite.

"Amelala?"

"Yuko macho."

"Amekula?"

"Kidogo."

Akaitikia kwa kichwa. Yeye akapanda, mimi nikashuka.